Nyota ya Asubuhi na Ulimi wa Mashabiki

Wahenga walituachia msemo kwamba nyota njema huonekana asubuhi, nasi tumeushika kwa mikono miwili bila ya kujiuliza ni nyota ngapi zilizoonekana asubuhi na ilipofika adhuhuri hakuna aliyezikumbuka tena. Sidhani kuna pahali ambapo msemo huu hutumiwa kwa wepesi kuliko katika michezo. Mtoto akiwapiga chenga walinzi wawili, tayari amekwisha kupachikwa jina la bingwa fulani aliyestaafu, na wakubwa kwa wadogo wameketi wakimkatia kanzu ambayo mabega yake hayajaweza kuibeba.

Nataka kuizungumzia tabia hiyo, na mfano nimeufuata mbali, huko Marekani, katika mchezo ambao wengi wetu huuona katika filamu tu: besiboli. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Kandanda inatuchemsha damu mno. Ukimtaja kijana wa timu moja, shabiki wa timu nyingine hakusikilizi, anangoja zamu yake ya kukujibu. Anayetaka kuusikia vizuri ulimi wa mashabiki afadhali ausikilize ukiuzungumzia mchezo usiomhusu ndewe wala sikio.

Kijana ninayemkusudia ni Jasson Domínguez. Alizaliwa Februari 7, 2003 katika Jamhuri ya Dominika, nchi iliyo katika kisiwa cha bahari ya Karibi na ambayo imewapelekea Wamarekani wachezaji wa besiboli wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya kigeni. Mnamo Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 16, klabu ya New York Yankees ilimtia mkatabani kwa dola milioni 5.1. Hii ndiyo klabu iliyotwaa ubingwa mara 27, na mashabiki wake hawana desturi ya kusubiri. Kazi ya Domínguez ni ya uwanja wa nje: ni mmoja wa wale watatu wanaosimama mbali, karibu na ua, wakiungoja mpira uliopigwa juu ili waudake kabla haujagusa nyasi. Timu yake inaposhika zamu ya kupiga, naye hushika gongo kama wenzake na kumkabili mrushaji aliyesimama umbali wa mita 18 na nusu hivi. Mpira wa mrushaji hodari humfikia mpigaji katika muda usiotimia nusu sekunde. Katika muda huo mpigaji huamua kama atapiga au ataacha, kisha apige.

Mimi ni mtu wa isimu, na sikio langu huvutwa na viambishi kabla ya kuvutwa na mabao. Wanafunzi wangu husema huu ni ugonjwa. Almuradi nilipoanza kuyafuatilia maneno yaliyosemwa juu ya kijana huyu tangu mwaka 2019, niliona kwamba hadithi yake yote ingeweza kusimuliwa kwa viambishi vitatu ambavyo kila mtoto wa shule ya msingi amefundishwa: -ta-, -nge- na -ngali-.

Tuanze na -ta-. Kutoka siku alipotia sahihi hadi katikati ya mwaka 2021, Domínguez hakucheza mchezo hata mmoja wa kulipwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisababisha ligi ndogo zote za Marekani zifutwe, na ligi ndogo ndizo shule ya vijana kama yeye. Kwa hivyo takriban miaka miwili ilipita pasiwe na lolote la kumpimia, ila picha chache za mazoezi na ushuhuda wa wasaka vipaji waliomwona akiwa mtoto. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo miaka aliyosemwa zaidi ya yote. Atakuwa Mickey Mantle mpya. Atakuwa Mike Trout. Atakuwa na nguvu za huyu na mbio za yule. Kadi zenye picha yake, zile ambazo Wamarekani huzinunua na kuziweka kama akiba ya dhahabu, ziliuzwa kwa bei ambazo wachezaji waliokwisha kutwaa mataji hawakuzifikia. Naona jambo hilo lina mantiki yake. Kiambishi -ta- hakidai ushahidi. Maadam kijana hajapiga mpira, hajakosa mpira, na asiyekosa hushinda mashindano yote yanayochezwa vinywani.

Hapo ndipo majina yalipoingia. Domínguez amepewa lakabu ya kuwa kiumbe kutoka sayari ya Mirihi, kwa hoja kwamba uwezo kama wake haupatikani duniani. Hata jina lake la kuzaliwa lina deni: baba yake, aliyekuwa shabiki wa Yankees, alimpa jina la Jason Giambi, mpigaji aliyekuwa akivuma katika klabu hiyo wakati ule. Kumbe si yeye wa kwanza. Mickey Mantle mwenyewe, huyo ambaye kila chipukizi wa Yankees hulinganishwa naye, aliitwa Mickey kwa sababu baba yake alimpenda mchezaji Mickey Cochrane. Kumwita mtoto kwa jina la shujaa ni kumwombea, wala sioni ubaya wa dua ya mzazi. Dua ya mzazi husemwa nyumbani. Lakabu ya mashabiki hubandikwa mgongoni mwa kijana uwanjani, na kila anapokosa mpira hugeuzwa kuwa kejeli.

Na kwa kuwa Mantle ametajwa, si vibaya kukumbuka jambo ambalo wanaomtaja hulisahau. Alipoingia Yankees mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 19, sifa zilikuwa zimemtangulia kama ngoma inavyomtangulia bwana harusi. Kufika Julai mwaka huo huo alikuwa ameshindwa kuupiga mpira, akarudishwa katika ligi ndogo. Alitaka kuuacha mchezo arudi kwao Oklahoma. Katika fainali za mwaka huo akaumia goti vibaya. Mashabiki wanaposema fulani atakuwa Mantle, humkusudia Mantle wa mwisho, aliyevusha ua mara 536. Hakuna anayemkusudia yule wa Julai 1951, ilhali yule wa Julai ndiye anayefanana hasa na kijana wa miaka 19.

Domínguez alipoanza kucheza mwaka 2021 katika ligi ndogo, hakung'ara mara moja. Alikuwa na umri wa miaka 18, na wengi aliokabiliana nao walikuwa wakubwa wake. Lakini ulimi ulikwisha kuahidi, na ulimi ulioahidi huona haya kusubiri. Wale wale waliosema atakuwa Mantle wakaanza kusema amepambwa kupita kiasi. Mwaka 2022 akacheza katika ngazi tatu kwa msimu mmoja, na -ta- ikafufuka. Septemba 1, 2023, huko Houston, aliingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 20. Mrushaji alikuwa Justin Verlander, ambaye alianza kurusha mipira katika ligi hiyo mwaka 2005, wakati kijana huyu alikuwa na miaka miwili. Katika zamu yake ya kwanza kabisa, Domínguez aliupiga mpira ukavuka ua. Hiyo ndiyo homurani, pigo kubwa kuliko yote katika mchezo huo, na hakuna mchezaji wa Yankees aliyewahi kuipata katika zamu ya kwanza akiwa na umri mdogo kama huo.

Alicheza michezo minane, akavusha ua mara nne. Kisha kano ya kiwiko cha mkono wa kulia ikakatika. Alifanyiwa upasuaji ule uliopewa jina la mrushaji Tommy John, aliyefanyiwa wa kwanza mwaka 1974, ambao humweka mchezaji nje kwa miezi mingi.

Hapo sarufi ikabadilika. Msomaji atakumbuka alivyofundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo huenda likawa sharti likitimia, na -ngali- ni ya jambo ambalo muda wake umepita na halirudi. Najua katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tunavichanganya viambishi hivi, na baadhi ya wenzangu katika taaluma wanaona mpaka wao umekwisha kufutika. Basi waende wakawasikilize mashabiki. Angekuwa mzima, mwaka huu wangekuwa na mtu wa uwanja wa kati. Hiyo ni -nge-, na ndani yake mna matumaini. Halafu ikaja ile nyingine: wangalimuuza wakati bei yake ilikuwa juu, wangalipata mrushaji wa haja. Kijana mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 20, mkono ukiwa katika kitambaa, na tayari watu walikuwa wakimzungumza kwa kiambishi cha yaliyopita.

Wapo watu ambao kazi yao ni kutabiri, nao ni wasaka vipaji wa vilabu. Nimevutiwa na jinsi wanavyoandika. Humpima kijana kwa kipimo kinachoanzia 20 na kuishia 80, ambamo 50 ndiyo alama ya mchezaji wa kadiri katika Ligi Kuu. Kwa kila uwezo huandika nambari mbili: moja ya leo na nyingine ya siku za usoni. Mvulana wa miaka 17 aweza kupewa 30 ya leo katika upigaji na 60 ya baadaye. Huo ni uadilifu mkubwa wa lugha. Mwandishi anakiri kwamba kilichopo ni 30, na kwamba 60 ni maoni yake. Shabiki huichukua ile 60, akaitoa katika safu yake, akaiweka katika safu ya leo, kisha akamlaumu kijana kwa kuwa hakuitimiza. Sehemu kubwa ya uchungu wa mashabiki imetokana na kosa hili moja la nyakati.

Ipo tofauti nyingine, nayo ni ya msamiati. Sisi Waswahili husema kipawa, na neno hilo limebeba ndani yake ile kauli ya kutendwa: ni kitu ambacho mtu amepawa. Aliyetoa hatajwi, ila mabasi yetu yameandikwa ubavuni kwamba mpaji ni Mungu, kwa hivyo tunajua. Wamarekani wa besiboli hutumia neno jingine. Wao husema mchezaji ana zana, na huzihesabu tano: kuupata mpira kwa gongo, kuupiga kwa nguvu, mbio, mkono wa kurusha, na udakaji. Kijana mwenye zote tano ni adimu, na Domínguez alisifiwa kwamba anazo.

Neno zana nalipenda kuliko kipawa katika mambo haya, kwa sababu kipawa kikishatolewa kimetolewa, bali jembe lililoegemezwa ukutani halilimi. Hata hivyo orodha yenyewe ina pengo. Mambo yote matano huonekana kwa macho katika alasiri moja ya mazoezi. Hakuna hata moja linalopima uwezo wa kuacha. Mpigaji bora huutambua mpira mbaya ungali njiani, akauacha upite, na mrushaji akikosea mara nne mpigaji hupewa kituo cha kwanza bila jasho. Mtazameni Juan Soto, naye wa uwanja wa nje na naye kutoka Jamhuri ya Dominika. Alisainiwa mwaka 2015 kwa dola milioni 1.5, chini ya theluthi ya fedha alizopewa Domínguez. Sifa yake kubwa tangu alipoingia Ligi Kuu mwaka 2018 ni jicho: mwaka 2021 alipewa kituo kwa njia hiyo mara 145. Desemba 2024 klabu ya New York Mets ilimpa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765. Huyo amelipwa fedha nyingi kuliko zote katika historia ya mchezo huo, na sehemu kubwa ya anacholipwa ni kutopiga.

Historia ya wachezaji wa uwanja wa nje imejaa watu ambao asubuhi yao haikulingana na jioni. Machi 1978 jarida la Sports Illustrated lilimweka Clint Hurdle, wa Kansas City Royals, katika ukurasa wake wa mbele na kumtangaza kuwa ndiye ajabu ya mwaka ule. Alikuwa na miaka 20. Katika maisha yake yote ya uchezaji Hurdle alivusha ua mara 32 tu, idadi ambayo wapigaji wakubwa huipata kwa msimu mmoja. Mwaka 1980 Mets waliwachagua wavulana wawili wa uwanja wa nje katika duru ya kwanza: Darryl Strawberry akawa wa kwanza katika nchi nzima, na Billy Beane akawa wa 23. Wasaka vipaji walilipenda umbo la Beane, kimo chake, hata uso wake. Strawberry alivusha ua mara 335. Beane alivusha mara tatu, akacheza michezo 148, kisha akaomba mwenyewe aachwe awe msaka vipaji. Baadaye aliiongoza klabu ya Oakland kwa kupuuza yale yale yaliyowafanya watu wampende alipokuwa kijana, na kitabu kikaandikwa juu yake mwaka 2003.

Upande wa pili uko vilevile. Mike Trout alichaguliwa wa 25 mwaka 2009. Vilabu vyote vilivyokuwa mbele vilimwacha, na lililo la ajabu zaidi ni kwamba klabu yake yenyewe, Los Angeles Angels, ilikuwa na zamu ya 24 pia, ikaitumia kumchagua mvulana mwingine wa uwanja wa nje, Randal Grichuk. Trout ametwaa tuzo ya mchezaji bora mara tatu. Ronald Acuña Jr., wa Venezuela, alisainiwa na Atlanta mwaka 2014 kwa dola 100,000. Mwaka 2023 alivusha ua mara 41 na kuiba vituo mara 73, jambo ambalo hapana aliyewahi kulifanya, akapewa tuzo kwa kura zote. Ukizilinganisha dola 100,000 na milioni 5.1, utajiuliza wanaolipa wanajua nini hasa. Jibu la haki ni kwamba wanajua kiasi fulani, na kiasi hicho ni kidogo kuliko kinavyoonekana katika hundi.

Hadi hapa msomaji aweza kusema kwamba haya ni maneno ya starehe. Mashabiki wasemeje, wanyamaze? Wao ndio wanunuao tikiti, na kuota ndoto juu ya kijana ni nusu ya utamu wa mchezo. Nakubali. Sina ugomvi na mzee aliyeketi katika kiti chake huko Bronx akimwambia mjukuu wake kwamba yule kijana atakuwa Mantle. Ugomvi wangu unaanza pale maneno yake yanapookotwa na mwandishi wa gazeti au mtangazaji wa redio, yakaondolewa neno labda, yakarudishwa kwa umma kama habari. Shabiki alisema natumaini atakuwa. Mtangazaji akasema atakuwa. Mwenye kuuza kadi akasema ni. Kila mmoja amepunguza silabi chache tu.

Na mwisho wa mnyororo huo wapo watoto. Kwa kanuni za Ligi Kuu, mvulana wa Jamhuri ya Dominika haruhusiwi kutia sahihi kabla ya kufika umri wa miaka 16. Lakini imekuwa desturi kwa vilabu kuafikiana kwa maneno na wakufunzi wa watoto wenye umri wa miaka 12 au 13, na mkufunzi wa kienyeji huchukua fungu lake siku fedha zinapotoka. Mtoto wa namna hiyo huacha shule mapema, maana mchana wake wote ni wa mazoezi. Wengi wao hawafiki popote. Wale wanaofika katika ligi ndogo, walio wengi hawaingii Ligi Kuu hata kwa siku moja. Domínguez ndiye aliyefaulu katika biashara hiyo, na bado tunamjadili kama aliyeshindwa. Basi wale wenzake ambao mtu aliwatabiria wakiwa na miaka 12, na leo wana miaka 23 bila cheti wala gongo, tuwaite nani?

Biashara hiyo sasa imefika jirani. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kushinda mchezo katika mashindano ya dunia ya watoto huko Marekani, walipowafunga wenzao wa Oregon 3-2. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini vijana wawili wa Uganda, wote warushaji. Mimi nawatakia kila la heri, na ningefurahi vijana wa kwetu nao wajaribiwe. Ila nimeona jinsi baadhi ya habari zao zilivyoandikwa, kwa -ta- kutoka aya ya kwanza hadi ya mwisho, na umaskini wa makwao ukitumiwa kama kitoweo. Mwafrika wa kwanza kuingia Ligi Kuu ya besiboli, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliingia Aprili 26, 2017 akiichezea Pittsburgh Pirates, akaupiga mpira na kufika kituo cha kwanza katika zamu yake ya kwanza. Alikuwa amesubiri katika ligi ndogo tangu mwaka 2009. Meneja aliyempa nafasi ile siku ile alikuwa Clint Hurdle, yule yule wa ukurasa wa mbele wa mwaka 1978. Hurdle aliishia kuwa meneja wa kuheshimika, akaifikisha Colorado katika fainali za mwaka 2007, na nadhani mtu aliyewahi kutangazwa ajabu akiwa na miaka 20 anajua namna ya kumtazama kijana kuliko wengi wetu.

Nimeulizwa na rafiki mmoja anayeishi New Jersey, na ambaye sasa ameiacha kabisa kandanda kwa ajili ya besiboli, kwamba baada ya falsafa yote hii mimi mwenyewe namwonaje Domínguez. Ni swali la haki. Msimu wa 2025 ulikuwa wa kwanza kwake kuucheza takriban wote: michezo 123. Katika kila mara 1,000 alizopiga alifaulu mara 257 kwa wastani, ambayo ni kadiri ya kawaida ya ligi hiyo au juu yake kidogo. Alivusha ua mara 10 na kuiba vituo mara 23. Mnamo Mei 9 alivusha ua mara tatu katika mchezo mmoja, na hakuna Myankee aliyewahi kufanya hivyo akiwa mdogo kama yeye. Kadiri msimu ulivyosonga alipoteza nafasi yake, akawa anaketi zaidi kuliko anavyosimama.

Sababu zinaonekana na hazina muujiza wowote. Yeye hupiga kwa pande zote mbili. Akisimama upande wa kushoto ni mpigaji mzuri, na akisimama upande wa kulia, kama anavyolazimika kila anapokutana na mrushaji wa mkono wa kushoto, bado ni dhaifu sana. Alilelewa kuwa mtu wa uwanja wa kati, akahamishiwa uwanja wa kushoto, na huko hukosea njia ya kuufuata mpira, kwa hivyo mbio zake nyingi huishia kurekebisha hatua ya kwanza aliyoikosea. Mkono umepona. Jicho lake la kuacha mpira mbaya ni zuri kwa umri wake. Amemaliza msimu huo akiwa na miaka 22.